Sekunde kumi za kila stesheni: shajara ya mradi wa treni ya umeme ya mabehewa manne

Wiki ya 1

Mradi huu ni wa jedwali la hesabu na michoro, hakuna chuma kitakachokatwa. Tunabuni seti moja ya umeme ya abiria wa mkoa, kisha tunaiendesha kwenye njia ya mfano yenye urefu wa km 96 na stesheni 17, moja kila baada ya km 6. Njia halisi haijanyooka hivyo. Tumeipenda kwa sababu inaonyesha upesi gharama ya kila uamuzi: kosa la sekunde moja kwenye kituo kimoja linajirudia mara 15 au 16 kabla ya mwisho wa safari.

Treni ya aina hii haina kichwa cha kuvuta. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa, na dereva wa mbele anaziamuru zote pamoja. Wazo lenyewe ni la zamani: Frank Sprague aliliweka kazini kwenye reli ya juu ya Chicago mwaka 1897. Faida yake kubwa kwa safari za vituo vingi ni kwamba uzito wa abiria na mabehewa unakandamiza magurudumu yanayovuta. Kichwa cha treni kinategemea uzito wake peke yake.

Vipimo vya kuanzia: urefu m 75, mabehewa 4, bogi 5 (bogi ni fremu ya chini yenye ekseli mbili na magurudumu yake). Bogi tatu za kati ni za Jacobs, yaani kila moja inabeba ncha za mabehewa mawili. Hiyo inatupa ekseli 10 badala ya 16, na uzito unapungua. Uzito mtupu t 128. Viti 210, na nafasi ya wasimamao 150. Kila abiria tunamhesabu kilo 70, kwa hiyo mzigo kamili ni t 25.2. Nguvu kwenye magurudumu kW 2,600. Umeme wa kV 25, Hz 50. Mwendo wa juu hatujauamua. Tumeacha km 140 na km 160 kwa saa vyote kwenye jedwali.

Wiki ya 2

Hesabu ya kwanza ya kuondoka ilitoa majibu mazuri kupita kiasi. Treni ilifika km 120 kwa saa ndani ya sekunde 42. Chanzo kilikuwa cha aibu kidogo: tulisahau vitu vinavyozunguka. Magurudumu, ekseli, giaboksi na rota za mota havisogei mbele tu, vinapaswa pia kuzungushwa, na kazi hiyo inakula nguvu kana kwamba treni ni nzito zaidi. Tumeongeza asilimia 8 ya uzito mtupu. Sekunde 42 zikawa 45.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Tunataka kuondoka kwa m/s² 1.1. Kwa treni iliyojaa hiyo inadai nguvu ya kuvuta ya kama kN 183. Muundo wa kwanza ulikuwa na mota kwenye bogi mbili za mwisho tu, ekseli 4 zenye t 17 kila moja. Gawanya kN 183 kwa uzito huo (kN 667) unapata 0.27, yaani mshiko ambao magurudumu yanadai kwenye reli. Reli kavu na safi inaukubali mshiko huo. Reli yenye manyunyu haiukubali: hapo tunakokotoa kwa 0.15, na majani yaliyopondwa juu ya reli yanashusha mshiko chini ya 0.1.

Tulijaribu njia mbili kwa reli yenye maji, mshiko 0.15, kutoka kusimama hadi km 94 kwa saa:

Ekseli 4 zenye mota: sekunde 45.
Ekseli 6 zenye mota: sekunde 33.

Sekunde 12 zinapotea kila kituo siku ya mvua, na mota zenyewe ni zile zile kW 2,600 kwa jumla. Kuongeza nguvu ya mota kusingesaidia chochote hapo, maana kinachokosekana ni mshiko. Bogi ya katikati inapata mota. Uzito mtupu unapanda hadi t 132, na treni iliyojaa inakuwa t 157.2. Nguvu ya kuondoka sasa ni kN 187, na mshiko unaodaiwa ni 0.19.

Jedwali la kuondoka, treni imejaa, njia tambarare:

hadi km 50 kwa saa: sekunde 13, m 88
hadi km 100: sekunde 32, m 515
hadi km 120: sekunde 45, m 896
hadi km 140: sekunde 61, m 1,470
hadi km 160: sekunde 81, m 2,320

Mstari wa mwisho usomwe mara mbili. Kutoka 140 hadi 160 treni inatumia sekunde 20 na m 850. Kutoka 0 hadi 80 inatumia sekunde 23 na m 273 tu.

Wiki ya 4

Bogi ya tatu yenye mota imeleta kelele kwenye michoro ya ndani. Sakafu tuliipanga mm 800 juu ya reli, ili ilingane na jukwaa la mm 760. (Ulaya ina kimo cha mm 550 na mm 760 katika kanuni zake, tumechukua cha pili.) Juu ya bogi ya Jacobs isiyo na mota sakafu inaweza kubaki karibu na kimo hicho. Juu ya bogi yenye mota haiwezi: mota na giaboksi zinakaa pale pale ambapo njia ya kupita watu ingepita. Sakafu inapanda hadi mm 1,150.

Tofauti ni mm 350. Kwa mteremko wa asilimia 6 unahitaji m 5.8 kila upande, karibu m 12 za treni ya m 75. Hazipo. Tumeweka ngazi mbili kila upande wa bogi ya kati, na matokeo yake hayafichiki: mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuvuka kutoka behewa la pili kwenda la tatu.

Kwa hiyo kila nusu ya treni ingehitaji choo kikubwa na nafasi ya viti vya magurudumu, au vyote vikae nusu moja na jukwaani kuwe na alama inayoonyesha mlango upi. Tumechagua la pili. Udhaifu wake unajulikana: seti mbili zikiunganishwa kinyume, mlango huo unahama kwa makumi ya mita, na alama ya jukwaani inakuwa uongo. Kanuni ya uendeshaji lazima iseme seti zote zinaelekea upande mmoja, na karakana isigeuze seti bila kuandika.

Wiki ya 5

Transfoma. Chini ya sakafu hakuna nafasi, inakwenda juu ya paa. Makadirio ni t 5.5 pamoja na mafuta na mitambo ya kupoza. Mwanzoni tuliiweka juu ya behewa la pili ili uzito ukae katikati ya treni. Ilionekana busara hadi tulipokokotoa ekseli moja moja. Uzito ulikwenda kwa sehemu kubwa kwenye bogi ya kufuata, isiyo na mota, na bogi ya mbele yenye mota ikawa nyepesi. Mshiko tuliougharimia wiki ya 2 ulikuwa unatoroka kupitia paa.

Imehamishwa hadi behewa la kwanza, juu ya bogi yenye mota. Behewa la nne, upande wa pili, linapokea mzani wake: vigeuzi vya umeme wa ndani, betri, kompresa kuu. Ekseli zenye mota sasa zina wastani wa t 16.5, zile za kufuata t 14.5. Kwenye treni hii tani iliyo juu ya mota inafanya kazi. Tani iliyo juu ya ekseli ya kufuata ni mzigo tu.

Kwa wanaofikiria kuipeleka seti kama hii Ujerumani, Austria au Uswisi, ambako waya una kV 15 na Hz 16.7: transfoma haitabaki t 5.5. Masafa yakiwa theluthi moja, chuma cha ndani kinabeba sumaku kwa muda mrefu mara tatu katika kila mzunguko, na lazima kiwe kikubwa zaidi. Hesabu ya ekseli inaanza upya.

Wiki ya 7

Swali la 140 au 160. Breki ya kawaida m/s² 0.9, stesheni kila km 6, muda kutoka stesheni moja hadi inayofuata:

mwendo wa juu 120: sekunde 217
mwendo wa juu 140: sekunde 199
mwendo wa juu 160: sekunde 189

Kutoka 120 hadi 140 tunapata sekunde 18. Kutoka 140 hadi 160 tunapata 10. Nishati ya mwendo inapanda kutoka kWh 35 hadi kWh 46 kila treni inapofikia kilele, na sehemu tu ya ongezeko hilo inarudi kwenye waya wakati wa kufunga breki.

Sekunde 10 mara 16 ni dakika 2 na sekunde 40 kwa safari nzima. Si kidogo. Lakini kuanzia leo kila pendekezo linapimwa kwa kipimo hicho hicho: sekunde kumi za kila kituo zinapatikana wapi pengine, na kwa bei gani?

Wiki ya 8

Milangoni. Tumekadiria watu 60 wanaoshuka na kupanda katika stesheni ya kati, na mlango wenye watu wengi kupokea mara mbili ya wastani, kwa sababu watu hukusanyika karibu na ngazi za kuingilia jukwaani, hawajipangi kwa usawa ili kumfurahisha mbunifu. Mlango una upana wa mm 1,300, watu wawili sambamba. Tumechukua sekunde 0.9 kwa mtu, sakafu ikiwa sawa na jukwaa.

Milango 6 kila upande: watu 20 kwenye mlango uliojaa, sekunde 18. Milango 8: watu 15, sekunde 13.5. Tofauti ni sekunde 4.5, na gharama katika mpangilio wetu ni viti 16.

Lakini kuna muda mwingine ambao mtu hauhesabu akiwa jukwaani, nao ni mrefu kuliko tofauti hiyo. Treni ikishasimama:

ruhusa ya milango, sekunde 1.5
kidaraja cha kuziba pengo kinatoka, 3
mlango unafunguka, 3
(watu wanapita)
onyo la sauti, 2.5
mlango unafunga, 3
kidaraja kinarudi, 3

Sekunde 16 ambazo hakuna mtu anayepita. Kituo chenye milango 6 ni sekunde 34, na karibu nusu yake ni mitambo ikisubiriana.

Pendekezo la kuondoa kidaraja na kuweka ukingo usiosogea lilijadiliwa likaanguka. Ukingo mrefu wa kutosha kuziba pengo unatoka nje ya umbo linaloruhusiwa kupita njiani, na penye jukwaa la kupinda ungegonga. Kilichokubaliwa: mlango uanze kusogea kidaraja kikiwa bado kinamalizia safari yake, ilimradi upenyo haujafika upana wa mtu kabla kidaraja hakijajifunga. Inaokoa sekunde 2. Wakati wa kuondoka hakuna cha kubana. Mnyororo wa usalama wa milango (saketi inayothibitisha kila mlango umefungwa) lazima ufunge wote ndipo mota zipate amri, na huo hatuugusi.

Hitilafu ya kawaida ya kidaraja ni kokoto au barafu kwenye reli zake ndogo. Sensa inasema hakijarudi, mnyororo haufungi, treni haiondoki. Lazima kuwe na namna ya kukifungia mahali kwa mkono pamoja na mlango wake, ufunguo ukiwa ndani, na hatua zote ziwe zimeandikwa kwenye kibandiko pale pale. Kibandiko kikiwa chumba cha dereva tu, mhudumu atatembea treni nzima mara mbili.

Milango inabaki 6. Mzunguko wa ratiba tunaukokotoa kwa sekunde 34 hizo hizo. Zile 2 ziwe akiba.

Wiki ya 9

Waya wa juu, kwa ufupi. Kwa nguvu kamili, ufanisi 0.85 na kW 200 za taa, viyoyozi na kompresa, seti inavuta takriban kW 3,260. Kwa kV 25 hiyo ni ampea 130. Kiwango kinaruhusu waya kushuka hadi kV 19 kwa muda wote, na hapo ampea zingekuwa 172 kama programu ingeng'ang'ania nguvu ile ile. Hairuhusiwi: chini ya kV 22.5 mkondo unapunguzwa wenyewe. Jedwali letu la kuondoka ni la waya wenye afya. Mwisho wa njia, mbali na kituo cha kupozea umeme, seti tatu zilizounganishwa hazitafika km 100 kwa sekunde 32.

Kwa kulinganisha, kwenye mfumo wa kV 3 wa umeme mnyoofu (DC), kama Italia au Poland, treni hii hii ingevuta ampea 1,087. Pantografu, yaani mkono wa paani unaogusa waya, ingepaswa kuukandamiza kwa nguvu kubwa zaidi kuliko newtoni 70 za kwetu, na treni iliyosimama na viyoyozi vyote ikiwaka inaweza kuunguza waya mahali inapogusa. Ndiyo maana huko mkondo wa treni iliyosimama una kikomo cha ampea 200.

Sehemu zisizo na umeme kati ya vipande viwili vya waya: swichi kuu inafunguka na kukata umeme, treni inateleza, swichi inafunga na umeme unarudi. Kila kufunga kunavuta mkondo wa ghafla wa kuamsha sumaku ya transfoma, mara kadhaa ya ule wa kawaida. Seti mbili zilizounganishwa zisifunge kwa wakati mmoja, la sivyo ulinzi wa kituo cha umeme utadhani kuna hitilafu na kukata waya mzima.

Wiki ya 11

Wiki nzima ni ya breki, na jambo tuliloliona hapa limebadilisha mradi.

Kufunga breki kwa 0.9 kutoka km 140 kunadai kN 151. Nguvu hiyo mara mwendo wa m/s 38.9 ni kW 5,870. Mota zetu, zikigeuzwa kuwa jenereta, zinapokea kW 2,600. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila kufunga breki, mota hazifiki hata nusu ya kazi. Zilizobaki ni pedi na diski. Mota zinatosha peke yake treni ikishuka hadi karibu km 65 kwa saa.

Hesabu ya kituo kimoja, kutoka 140, treni ikiwa na MJ 127 za mwendo:

upinzani wa hewa na reli: MJ 7.4
diski: MJ 32
mota: MJ 87.5, na baada ya hasara kWh 20.7 zinafika kwenye waya

Diski ziko 8 kwenye ekseli 4 za kufuata. MJ 4 kwa kila moja. Diski ya kilo 100 inapanda joto kwa takriban nyuzi 80 za sentigredi kila kituo, na baada ya dakika nne kituo kingine kinakuja. Haiungui leo wala kesho. Inachakaa tu upesi, inapata nyufa ndogo za joto, na pedi zinabadilishwa mapema.

Sasa geuza swali. Tukifunga breki kwa 0.6 badala ya 0.9?

Umbali unapanda kutoka m 840 hadi m 1,260. Muda unaopotea ukishatoa mwendo ambao treni ingekuwa nao: sekunde 10.8 kwa kituo. Zile sekunde kumi tena. Diski zinabaki na MJ 6 kwa zote nane, yaani nyuzi 15 kwa kila moja badala ya 80. Kwenye waya zinarudi kWh 26. Tofauti ni kWh 5.3 kila kituo, kWh 85 kwa safari ya upande mmoja.

Tahadhari moja: umeme unaorudi unahitaji mtu wa kuupokea. Kwenye kV 25 transfoma za kituo zinaweza kuusukuma hadi gridi kama mkataba unaruhusu. Kwenye umeme mnyoofu wenye vigeuzi vya upande mmoja, visivyoweza kurudisha umeme kwenye gridi, pasipo treni nyingine karibu, volti ya waya inapanda hadi programu inakata, na kazi yote inarudi kwenye diski au kwenye vikinza vya paani vinavyogeuza umeme kuwa joto. Diski zipimwe kwa siku hiyo. Jedwali la siku ya neema halitoshi.

Wiki ya 12

Kufunga breki kwa mota peke yake kuna mtego. Ekseli 6 zinafanya kazi ya 10. Kwa 0.9 mshiko unaodaiwa kwenye ekseli hizo ni 0.156, nguvu ile ile ikigawanywa kwa ekseli zote 10 ni 0.098. Reli ikiwa na majani, magurudumu yenye mota yanaanza kuserereka, kinga ya kuserereka inaachia, programu inaona mota hazitoi nguvu iliyoombwa na kuita breki za hewa. Breki za hewa zina ucheleweshaji wake. Abiria wanahisi treni ikiachia, kisha ikikamata kwa kishindo, na dereva anapita alama ya kusimama.

Tumeongeza hali ya reli mbovu. Dereva anaichagua, au programu inaiwasha baada ya kuserereka kwa mara ya pili ndani ya kufunga breki kumoja. Katika hali hiyo nguvu inagawanywa kwa ekseli zote tangu mwanzo, mchanga unamwagwa mbele ya ekseli ya kwanza na ya tatu, na kufunga breki kunaanza mapema kwa 0.6. Nishati kidogo inapotea. Haidhuru.

Gurudumu likijifunga na kuburuzwa linapata bapa. Bapa la mm 60 kwenye gurudumu la mm 860 lina kina cha mm 1.05 tu, ukipitisha kidole unaweza usilihisi. Kwenye km 140 kwa saa linagonga reli mara 14 kwa sekunde. Kulitoa kunamaanisha kuchonga zaidi ya mm 2 za kipenyo, na gurudumu la pili la ekseli hiyo lichongwe sawa nalo. Gurudumu linatupwa likifika mm 790. Akiba yote ni mm 70, na bapa moja lisilo la lazima limekula mm 2 kwa ekseli nzima. Kwenye bogi yenye mota ekseli jirani nayo huchongwa ili vipenyo visipishane, maana programu inalinganisha mizunguko ya ekseli ili kujua ipi inaserereka. Tofauti ya vipenyo isiyoandikwa kwenye programu baada ya kuchonga inaonekana kwake kama kuserereka kusikoisha, na treni inakataa kuvuta ipasavyo kwenye reli kavu kabisa. Fundi atatafuta hitilafu kwenye mota siku mbili.

Wiki ya 13

Ratiba. Treni kila dakika 30 kila upande, angalau dakika 6 za kugeuka mwisho wa njia, akiba ya asilimia 5 juu ya muda wa kutembea.

Mwendo 140, breki 0.9: dakika 64.2 kwa upande. Kwenda, kurudi na kugeuka mara mbili ni dakika 140.
Mwendo 160, breki 0.9: dakika 61.4. Mzunguko dakika 135.
Mwendo 140, breki 0.6: dakika 67.3. Mzunguko dakika 146.5.

Mzunguko lazima ugawanyike kwa 30. Zote tatu zinaangukia 150. Zote tatu zinahitaji seti 5. Kushuka hadi seti 4 kungehitaji dakika 54 kwa upande, na hakuna mpangilio wa vituo 15 vya kati utakaofika huko bila kuruka vituo.

Maana yake 160 hainunui treni hata moja. Inanunua dakika za kusubiri mwisho wa njia. Abiria wa njia nzima ataokoa dakika 3, lakini wengi wa treni za namna hii hushuka baada ya vituo vitatu au vinne, na wanaokoa nusu dakika. Uamuzi: 140. Giaboksi inapangwa kwa mwendo huo.

Breki ya 0.6 ndiyo ya kawaida, 0.9 ni ya treni iliyochelewa. Kwa 0.6 zinabaki dakika 3.5 tu za ziada kwenye mzunguko, kwa hiyo dereva aone kwenye skrini amechelewa kiasi gani, kwa sekunde na si kwa dakika. Akiwa nyuma kwa zaidi ya sekunde 40, programu inampa 0.9. Kwa vituo vinne anarudisha takriban sekunde 43.

Dharura haihusiki na haya. Breki ya dharura haiulizi ratiba wala nishati.

Wiki ya 14

Mambo madogo yaliyobaki kwenye orodha, ambayo ndiyo hulaza treni karakanani.

Treni iliyolala siku kadhaa. Hewa imevuja, betri ya volti 110 imeshuka. Pantografu inainuliwa kwa hewa, hewa inatoka kwa kompresa, kompresa kuu inataka umeme wa waya, na waya unataka pantografu. Kinachovunja mduara ni kompresa ndogo ya betri. Vifaa vinadai angalau volti 77. Tumeweka kikata cha kulinda betri kwenye kizingiti cha juu zaidi ya hapo, ili taa na redio zizimike mapema na kibaki kiasi cha kuinua pantografu mara mbili. Mara moja haitoshi. Jaribio la kwanza hushindwa pale vali ya hewa imekauka.

Kuunganisha seti. Kiunganishi cha katikati kinashika chuma, hewa na nyaya za mawasiliano kwa pamoja. Chuma na hewa vikishika na mawasiliano yakakataa, sababu ya kwanza ya kukagua ni toleo la programu kwenye kila seti, ya pili ni kifuniko cha pini kilichojaa uchafu. Utaratibu wetu unaweka ukaguzi wa toleo kabla seti haijatoka karakanani, kwa sababu jukwaani ni kuchelewa.

Kunyanyua. Bogi za Jacobs zinamaanisha mabehewa hayatenganishwi kirahisi. Kubadilisha bogi ya kati kunataka treni yote ya m 75 inyanyuliwe kwa pamoja, na jeki zinazokwenda sambamba kwa amri moja. Karakana yenye jeki za behewa moja moja haifai. Hili lilipaswa kuandikwa wiki ya 1, pale tulipofurahia ekseli 10 badala ya 16. Chaguo halibadiliki, lakini gharama ya sakafu ya karakana na jeki zake sasa ina mstari wake kwenye jedwali, chini ya bogi, si chini ya majengo.

Kinachofuata ni kurudia hesabu za wiki ya 2 na ya 11 kwa mteremko wa 15 kwa elfu, treni imejaa, bogi moja yenye mota ikiwa imekatwa.